Nishani za Baba, Miguu ya Mwana

Leo tunakwenda Virginia, Marekani, kwenye nyumba ya familia ya kijeshi iitwayo Puller. Ukimtajia jina hilo askari wa kikosi cha Marine cha nchi hiyo, atanyoosha mgongo hata kama alikuwa amejilaza. Marine ndio wale askari wanaobebwa na meli za vita na kumwagwa ufukweni bunduki mkononi, waingie kabla wengine hawajafika. Katika historia yao ya zaidi ya karne mbili hakuna anayetajwa kwa wingi wa nishani kumzidi Luteni Jenerali Lewis Burwell Puller, waliyemzoea kwa jina la Chesty, kwa sababu ya kifua chake kilichotangulia mwili.

Msalaba wa Jeshi la Wanamaji aliupata mara 5. Hiyo ni nishani ya ushujaa iliyo chini ya Nishani ya Heshima tu, na wapo maafisa wanaostaafu kwa sifa kubwa bila kuipata hata mara moja. Jeshi la nchi kavu nalo likamwongezea msalaba wake. Nishani ya Heshima yenyewe hakuipata, na mashabiki wake wamekuwa wakidai mwaka nenda mwaka rudi apewe japo yuko kaburini. Hayo yamesemwa sana. Mimi leo nazitaja nishani hizo pamoja na watu waliozilipia, akiwemo mwanawe wa pekee wa kiume.

Puller alizaliwa tarehe 26 Juni 1898 katika mji mdogo wa West Point, Virginia. Usiuchanganye na ule wenye chuo cha maafisa wa jeshi. Huo uko New York. Baba yake hakuwa askari. Alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka 10, na kijana akawa anauza kaa bandarini ili mama apate cha kutia chunguni. Uaskari ulitoka kwa babu, Meja John Puller, mpanda farasi wa jeshi la majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyeuawa mahali paitwapo Kelly's Ford mnamo Machi 1863. Mjukuu alikuja kuzaliwa miaka 35 baadaye. Babu hakumwona hata siku moja, lakini mji ulikuwa na wazee waliopigana vita vile, nao waliketi vibarazani wakisimulia, mtoto akawa haondoki miguuni pao. Kwamba jeshi la babu lilipigania upande uliotaka utumwa ubaki, sidhani kama wazee wale walilisimulia sana.

Kwa hiyo tunaposema familia ya kijeshi, tusidhani uaskari unapita kwenye damu kama urefu au upara. Katika nyumba hii uliruka kizazi kizima, ukaingia kwa masikio. Naomba ulishike jambo hilo, maana tutakutana nalo tena kwa mwana.

Kijana aliingia chuo cha kijeshi cha Virginia mwaka 1917, akakaa mwaka mmoja, akatoka mbio kujiunga na Marine ili awahi Vita Kuu ya Kwanza kule Ufaransa. Hakuwahi. Vita viliisha angali Marekani. Juni 1919 alitunukiwa kamisheni ya luteni usu, na siku chache tu baadaye jeshi likapunguzwa, akajikuta nje. Mwingine angerudi kwao kuuza kaa. Yeye aliomba kurudi akiwa koplo, akaenda Haiti.

Marekani iliikalia Haiti kwa nguvu kuanzia 1915 hadi 1934. Wananchi walikamatwa kwa lazima kujenga barabara, na hasira ya kazi hiyo ikawasha uasi wa wapiganaji walioitwa Caco. Ili kuuzima, Wamarekani waliunda jeshi la polisi la wenyeji likiongozwa na wazungu, na huko koplo Puller akavaa cheo cha luteni. Msikilizaji ambaye babu yake alitumikia jeshi la kikoloni la KAR hahitaji maelezo marefu hapa. Puller alijifunza Krioli ya Kihaiti, akaingia katika mapambano yapatayo 40, na mengi aliyoyajua baadaye kuhusu kuvizia, kutembea usiku na kula kidogo aliyachota kwa askari weusi wa nchi ile. Kikosi chake mwenyewe cha Marine hakikumpokea mtu mweusi hata mmoja hadi mwaka 1942.

Kamisheni yake ilirudi mwaka 1924. Kisha ikaja Nikaragua. Aliongoza Kombania M ya askari wenyeji akiwasaka wapiganaji wa Augusto Sandino, waliopinga majeshi ya Marekani, milimani, kikosi kidogo kisicho na mizigo mingi, kinachotembea zaidi kuliko adui anavyotarajia. Msalaba wa kwanza aliupata huko mwaka 1930, wa pili 1932. Ukiwauliza Marine watakwambia hizo ni nishani za ushujaa, na kweli ushujaa ulikuwepo. Ukiwauliza watu wa Nikaragua watakuuliza wewe: huyo alikuwa akitafuta nini milimani kwetu?

Msalaba wa tatu ndio uliomfanya ajulikane kila nyumba. Ni Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1942, na Mjapani sasa ndiye adui. Puller alikuwa luteni kanali, kamanda wa batalioni. Mwishoni mwa Septemba sehemu ya batalioni yake ilipelekwa kwa boti kushuka nyuma ya adui karibu na mto Matanikau, yeye akiwa amebakizwa kwingine. Wale vijana walizingirwa juu ya kilima, mkuu wao akauawa, na redio hawakuwa nayo. Wakavua fulana zao nyeupe za ndani, wakazitandaza ardhini zikaandika neno moja la kuomba msaada, rubani akaliona kutoka angani. Puller aliposikia, hakukaa kusubiri taarifa. Alipanda manowari ya Monssen, akaisogeza pwani mkabala na kilima, akawapa ishara watu wake washuke kuelekea maji, huku mizinga ya meli ikiwafagilia njia. Boti zikawachukua kwenye mchanga risasi zikinyesha. Ukitaka kujua kwa nini askari walimpenda mtu yule, achana na misalaba, shika hilo la fulana.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 24 Oktoba, batalioni yake ilikuwa imetandazwa peke yake kwenye mstari uliotakiwa kushikwa na batalioni mbili, ikilinda uwanja wa ndege wa Henderson. Mvua ilikuwa inapiga, giza la msitu huoni mkono wako. Wajapani wa Divisheni ya Sendai walikuja wimbi baada ya wimbi. Askari wa jeshi la nchi kavu waliletwa gizani kuongeza nguvu, wakaingizwa mahandakini mmoja mmoja, kila mgeni akiwekwa ubavuni mwa mwenyeji. Kulipokucha mstari ulikuwa palepale. Mmoja wa masajenti wake, John Basilone, aliyekaa na bunduki zake za rashasha usiku kucha, alipata Nishani ya Heshima. Puller akapata msalaba wake wa tatu. Wa nne ulifuata katika mapigano ya Cape Gloucester, kisiwa cha New Britain, mwanzoni mwa 1944. Hapo sitakaa, kwa sababu nataka tufike Peleliu.

Peleliu ni kisiwa kidogo ambacho ungekizunguka kwa baiskeli asubuhi moja. Marine walishuka hapo tarehe 15 Septemba 1944. Jenerali wa divisheni, William Rupertus, alikuwa ametangaza kwamba kazi ingekuwa ya siku chache. Puller, sasa kanali, aliongoza Rejimenti ya Kwanza ya Marine. Alikuwa anachechemea, paja limevimba kwa sababu ya kipande cha bomu alichokibeba tangu Guadalcanal, na miezi miwili kabla yake mdogo wake Samuel, naye afisa wa Marine, alikuwa ameuawa na mdunguaji huko Guam.

Mbele ya rejimenti yake kulikuwa na vilima vya matumbawe makavu, vyenye mapango ambayo Wajapani walikuwa wameyachimba na kuyaunganisha. Huwezi kuchimba handaki kwenye jiwe lile. Kombora likipiga, jiwe lenyewe linageuka vipande vya kuua. Joto lilipita nyuzi 40, maji yaliletwa katika mapipa yaliyokuwa na mafuta kabla, watu wakayanywa na kutapika. Kombania moja iliyopewa kuteka ncha ya ufukwe ilianza na watu 235 na kumaliza na 78. Na kila asubuhi amri ilikuwa ileile: songa mbele, kilima kilekile, kwa kifua. Baada ya wiki moja hivi rejimenti ilikuwa imepoteza watu 1,749, waliokufa na waliojeruhiwa, zaidi ya nusu yake. Mkuu wa ngazi ya juu, Jenerali Roy Geiger, alipofika kwenye kituo cha Puller na kuona mwenyewe, aliamuru rejimenti iondolewe na jeshi la nchi kavu lichukue nafasi yake.

Wanaomtetea Puller wanasema amri zilitoka kwa Rupertus. Ni kweli. Wanasema pia kwamba alikaa karibu na mstari wa mbele kuliko kanali yeyote, jambo ambalo ni kweli vilevile. Lakini Rupertus hakuwa mbele ya vilima vile. Puller alikuwepo, alijua hesabu ya watu wake asubuhi na jioni, na ndiye mtu pekee kisiwani ambaye kwa sifa zake angeweza kusema “hapana” bila mtu kumwita mwoga. Hakusema. Mtu aliyelelewa na hadithi ya babu aliyekufa juu ya farasi hakuwa na sehemu ndani yake ya kuiwekea hiyo “hapana”. Hiyo ndiyo dosari yake kubwa, na vitabu vya kumsifu huvuka Peleliu kwa kurasa chache.

Vita vya Korea vilimrudishia sifa zote. Aliiongoza rejimenti ileile kushuka Inchon mwezi Septemba 1950, na miezi mitatu baadaye alikuwa Koto-ri, kwenye barabara moja nyembamba ya milimani, Wachina wamewazingira pande zote na baridi ikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Damu ya kuwaongezea majeruhi iliganda, ardhi ikawa ngumu kuichimba hata kwa ajili ya maiti. Mabuldoza yalifukua shimo moja, zaidi ya watu 100 wakazikwa pamoja kabla ya kuanza safari ya kurudi baharini. Safari hiyo ilifanyika kwa utaratibu, majeruhi wakabebwa, silaha nzito zikatoka. Hapo ndipo alipopata msalaba wa tano. Maneno mengi ya kishujaa yamebandikwa kinywani mwake kuhusu siku zile. Mengine labda aliyasema, mengine yamekua kadiri yalivyosimuliwa kwenye kantini za askari.

Januari 1951 akawa brigedia jenerali. Mwaka 1955, baada ya kupata kiharusi, jeshi lilimstaafisha kinyume na matakwa yake, likampa cheo cha luteni jenerali siku ya kuondoka. Akahamia kijiji cha Saluda, Virginia. Marine walikuwa wakiendesha gari mwendo mrefu kwenda tu kubisha hodi na kumpa saluti. Vita vya Vietnam vilipopamba moto aliomba arudishwe kazini. Walimkatalia kwa sababu ya umri.

Yeye hakwenda Vietnam, lakini nyumba yake ilikwenda. Mabinti zake wawili waliolewa na maafisa wa Marine. Mkwe mmoja, Kapteni William Dabney, alishikilia kilima kiitwacho 881 Kusini karibu na Khe Sanh, mapema 1968, akiwa amezingirwa kwa siku 77. Kila asubuhi saa mbili Dabney aliamuru bendera ipandishwe. Luteni mmoja alipuliza tarumbeta, askari wawili wakavuta kamba, wengine wakasimama wima kwenye mahandaki yao. Wote walijua kwamba ng'ambo ya bonde Wavietnam walikuwa wakiwatazama na makombora yalishatoka kwenye mtutu. Walikuwa na muda wa kama sekunde 20 kumaliza heshima na kujitupa chini. Mtu mwenye akili za kiraia atasema huo ni wazimu, na mimi nusu yangu inakubali. Dabney naye alipewa Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, ila mwaka 2005, miaka 37 baada ya kazi yenyewe.

Sasa tuje kwa mwana. Lewis Puller mdogo alizaliwa Agosti 1945, pacha na dada yake, baba akiwa na miaka 47 na jina lake likiwa limeshakomaa. Inasemekana, na mwenyewe ameandika hivyo, kwamba baba hakumlazimisha kuingia jeshini. Hakuwa na haja ya kumlazimisha. Mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo watu wazima wenye nishani walikuja mlangoni kumpigia saluti baba yake. Alipomaliza chuo cha William and Mary mwaka 1967, alijiandikisha Marine. Julai 1968 akatua Vietnam, luteni usu mwenye platuni, katika Rejimenti ya Kwanza, ileile ya baba yake.

Hakukaa sana. Tarehe 11 Oktoba 1968, akiwakimbia askari wa adui baada ya bunduki yake kukwama, alikanyaga kombora la mzinga lililotegwa. Mguu wa kulia uling'oka kuanzia nyongani, wa kushoto ukaenda juu ya goti. Mikono yote miwili iliharibiwa, vikabaki vidole vichache tu. Uzito wake ulishuka hadi kama kilo 25. Nyumbani mkewe Toddy alikuwa mjamzito. Mtoto wao alizaliwa mwezi uliofuata. Baba alipofika kitandani hospitalini, Luteni Jenerali mwenye misalaba 5, aliyepita Peleliu na Koto-ri, alisimama miguuni pa kitanda na kulia waziwazi. Mwana anaandika kwamba kumwona baba akiwa hivyo kulimuuma kuliko yale majeraha.

Chesty alifariki tarehe 11 Oktoba 1971. Kwenye kalenda ni siku ileile aliyojeruhiwa mwanawe, miaka 3 kamili baadaye.

Maisha ya Lewis mdogo baada ya hapo yalikuwa vita virefu kuliko vyote vilivyopiganwa na ukoo wao. Alisoma sheria akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1971, maveterani wa Vietnam walipozirusha nishani zao mbele ya Bunge la Marekani kupinga vita, naye aliwaza kuzitupa zake, akashindwa, kwa kuwa zilikuwa zimemgharimu mno. Mwaka 1978 aligombea ubunge kwa tiketi ya Democratic akashindwa. Pombe ikamshika hasa, karibu imuue, akaiacha mwanzoni mwa miaka ya themanini. Akawa mwanasheria wa serikali katika Wizara ya Ulinzi. Kisha, kwa vidole alivyobakiza, akaandika kitabu cha maisha yake, Fortunate Son, kilichotoka 1991 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992.

Kitabu hicho hakimtukani baba. Kinampenda mno, na kwa sababu hiyo ndicho shahidi mgumu zaidi dhidi ya hadithi zilizomlea. Kinaonyesha uzito wa kubeba jina ambalo kila daktari, kila sajenti na kila mpiga kura alikuwa ameshalisikia kabla hajamwona mwenye nalo. Kinaonyesha pia jambo ambalo makamanda wetu na wa kwao hupenda kulipita haraka: askari aliyekatika miguu miezi mitatu baada ya kufika vitani hana vita vya kujivunia, ana hospitali tu.

Mwaka 1993 alirudi Vietnam na kushiriki kuanzisha mfuko wa kuwajengea watoto wa huko shule. Hakuiona shule ya kwanza ikifunguliwa. Ndoa ilikuwa imeyumba, ulevi ulikuwa umemrudia, na tarehe 11 Mei 1994 alijitoa uhai kwa bunduki, akiwa na miaka 48. Alizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington. Mwaka uliofuata shule hiyo ilifunguliwa Dong Ha, katika mkoa wa Quang Tri, mahali ambapo mabomu ya vita vile hayakuacha karibu jengo lolote limesimama, ikapewa jina lake.

Pale Washington, Marine wana mbwa wa kikosi, aina ya buldogi, ambaye huvalishwa sare na kushiriki gwaride. Tangu 1957 kila mbwa anayeshika nafasi hiyo huitwa Chesty. Ni njia yao ya kumkumbuka mzee, na siwalaumu. Lakini wewe msikilizaji, ikiwa historia ya vita inakuvutia na unasoma Kiingereza, vitabu vipo. Kuna wasifu wa baba ulioandikwa na Burke Davis mwaka 1962, enzi mzee bado yu hai anasimulia mwenyewe, na kuna kitabu cha mwana. Anza na cha mwana.